Jina Nililotoa Mbele ya Kioo Cheusi

Kwanza munisikilize vizuri: jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana wa jua kali, nyumbani kwangu Mulongwe, mtaa ulio kati ya mto na ziwa, akili zangu zote zikiwa kichwani. Sikuota. Sikuwa na homa. Pombe sijaionja tangu tulipomzika Petro, mume wangu. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, halafu asome.

Mimi ni mwanamke mzee. Shule niliishia mwaka wa tatu, kwa masista wa kule bonde la Ruzizi. Naandika kwa mkono, polepole, na mjukuu wangu anapiga kwenye mashine. Lakini Mungu alinipa kitu kimoja: majina. Jina likiingia sikioni mwangu halitoki. Masista walionifundisha ninawakumbuka wote, na mbwa wao aliyeitwa Kapteni. Ng'ombe wa baba yangu kule Mutarule walikuwa kumi na mmoja, na ukiniamsha usingizini nitakutajia mmoja mmoja. Hapa mtaani watu wakigombana juu ya nani alizaa na nani, wanakuja kukaa kwenye kizingiti changu.

Na kwetu, mgeni akiingia, kabla hajapewa kiti anaulizwa: "Uko mutoto wa nani?" Siyo ujeuri. Ukishajua mama yake, na baba yake, na mahali walipolima, unajua umkaribishe namna gani. Nimewauliza hivyo mapadri. Wakati wa vita nilimwuliza hivyo askari mwenye bunduki, naye akajibu, akakaa, akaomba maji ya kunywa. Katika maisha yangu yote niliruka swali hilo mara moja tu. Hayo ndiyo ninayoandika.

Ninaishi na Furaha, mtoto wa binti yangu Safi. Safi alifariki Furaha akiwa na miaka minne, mimi ndiye nimemlea. Amesoma uuguzi. Kabla ya kumaliza, wanafunzi walitakiwa kila mmoja aandike kazi yake, kitabu kizima, ndipo apate diploma. Yeye alichagua kuandika juu ya akina mama waliopoteza watoto wachanga. Alizunguka miaka miwili, kutoka bandari ya Kalundu mpaka vijiji vya bonde, akiwauliza wamama, akiandika kwenye mashine yake. Siku moja akaniuliza hata mimi, bibi yake, anayeniita Koko.

"Koko, na weye ulipoteza wangapi?"

"Mumoja. Wa kwanza, mbele ya kuzaliwa mama yako. Alikaa siku sita."

"Alikuwa namna gani?"

Nikamwambia alikuwa mwanamume, mzito, na mbele ya sikio lake la kushoto kulikuwa na kitundu kidogo, kama aliyechomwa na sindano. Furaha akawa anapiga tu, tik tik tik.

"Na jina yake?"

"Hiyo usiandike."

"Koko, ni kwa kazi tu. Sitaionyesha muntu."

"Nimesema hapana."

Kwetu, zamani zile, mtoto akifa kabla hajatolewa nje ya nyumba, haliliwi mbele ya watu, na jina lake halitajwi tena. Linabaki kwa mama. Wanaume hawaliulizi. La mtoto wangu nililitoa mimi usiku ule aliozaliwa, na walilisikia watu wawili: Petro, na shangazi yangu Ntakwinja aliyenizalisha. Wote wawili wako chini ya udongo. Kila jioni nikimaliza rozari ninataja wafu wangu mmoja mmoja, na mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, ninataja lile. Miaka zaidi ya hamsini. Ningeanzaje kulitia ndani ya mashine?

Sasa mashine yenyewe. Ilikuwa nyeusi, kuukuu, aliachiwa na binamu yake wa Bujumbura. Ndani yake waliweka ule mfumo wa bure unaoitwa Linux, maana virusi vilikuwa vinakula kazi za wanafunzi kama mchwa. Ilifanya kazi vizuri. Lakini kila siku ilikuwa inamsumbua kwa neno moja, kwamba inataka mizajuri, yaani ivae vitu vipya. Ijumaa Furaha akaenda kwa rafiki yake Kalundu, kwenye mtandao mzuri, akaikubalia. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Jumatatu saa nne asubuhi alitakiwa kuiweka mezani kwa katibu wa shule, na asiyeleta saa ile alisubiri mwaka mzima.

Jumamosi asubuhi umeme ukaja. Akaiwasha. Maandishi meupe yakapita mbio, halafu kioo kikawa cheusi. Akazima, akawasha. Cheusi. Tulisikia feni yake ikipumua ndani, taa ndogo ikiwaka, na kioo cheusi kama chungu cha ugali.

Tukampelekea fundi Déo, yule mwenye kibanda karibu na soko.

"Imekufa hii," akasema kabla hata hajaigusa.

"Haijakufa, fundi. Sikiliza, iko inazunguka," Furaha akamwambia.

"Hata kuku ukimukata kichwa anazunguka."

Furaha hakucheka. Fundi Déo akaunganisha kioo kingine, nacho kikawa cheusi. Akakuna ndevu zake. Akatueleza hivi, nami nikashika maneno yake kama yalivyo: "Ekra, kioo chenyewe, ni muzima. Mashine yako iko na kadi ya picha, na ile kadi iko na pilote wake, muntu wa kuiongoza, tuseme hivyo. Mizajuri imeleta pilote mupya. Yeye na kadi hawasikilizane. Mashine inaona kila kitu, lakini haijue kukuonyesha."

"Sasa tunafanya nini?"

"Ninaformata. Ninafuta yote. Inakuwa mupya kama mutoto wa leo."

"Na kazi yangu iliyo ndani?"

"Ile inaenda."

"Si utoe ile disk, uisome kwa mashine ingine?"

"Kamba yake iko na ndugu yangu Bukavu. Anarudi Siku ya Tano, Ijumaa ijayo." Halafu akanigeukia mimi. "Koko, mufundishe mujukuu yako. Kazi ya miaka mbili, muntu anaiweka mahali pamoja tu?"

"Nilikuwa na klee, ile ndogo ya kuwekea kopi," Furaha akasema. "Iliingia maji." Akaikumbatia mashine, tukatoka.

Usiku ule hakulala. Nilimsikia akipiga vitufe gizani kama kipofu, akiomba ushauri kwenye simu, akijaribu, akizima, akiwasha. Jumapili hakwenda misa. Nikamwekea uji, ukaganda. Saa nne hivi akasema, akiwa ameelekea ukutani:

"Koko, ile mwaka maji ilichukua watu, ingenibeba na minye."

Nikamwambia nyamaza. Mulongwe hatuchezi na neno lile. Mto ulishuka usiku, ukabeba nyumba na watu waliokuwa ndani yake, na wengine walizikwa pamoja bila mtu kujua huyu ni nani na huyu ni nani. Furaha akainuka. Akavaa viatu. Akasema anaenda Kalundu kutafuta mwanafunzi mmoja anayejua mashine. Lakini aliiacha mashine mezani. Munaelewa? Mtu anaenda kutafuta fundi, na mashine anaiacha nyumbani! Nikaita, "Furaha! Furaha weye!" Hakugeuka. Alishika njia ya ziwa.

Miguu yangu hainipeleki mbali. Nikamwita Mama Zawadi, jirani yangu anayekaanga ndakala mbele ya mlango wake, nikamwomba atume mtu amfuate. Akasema, "Koko, atarudi, watoto wa sasa wanakasirikaka sana," na akageuza samaki wake. Nikarudi ndani peke yangu. Nikafikiri hivi: kama mashine hii ingefunguka, ningemtuma hata mwizi ambebee habari, naye angerudi. Nikaikamata kwa mikono miwili. Nikaiomba. Ndiyo, niliomba mashine, kama wale wa zamani walioomba mawe. Nikasema, wewe, toa mtoto wangu.

Saa sita kamili. Jua limesimama katikati. Kuku wakanyamaza. Na mlangoni mtu akaita:

"Koko."

Mara moja.

Mama yangu alitufundisha tangu tukitambaa: mwenye uhai anaita mara mbili. Ukiitwa mara moja, kaa kimya, ngoja ya pili. Niliijua sheria ile kuliko Baba Yetu. Na mdomo wangu ukaitika wenyewe, "Karibu!" kwa sababu nilifikiri ni habari za Furaha.

Akaingia mwanamume mwembamba. Huwezi kusema ni kijana, huwezi kusema ni mzee. Uso wake ulikuwa kama uso unaouona kwa mbali njiani, unangoja ukaribie ndipo uujue, lakini ulikuwa karibu na bado hukuujua. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki mbili. Akasimama mbele ya meza, na harufu ya matope ya mto ikajaa nyumba.

Sikumwuliza ni mtoto wa nani. Mungu anisamehe. Nilikuwa natazama mikono yake tu, kama imeleta kitu.

"Mashine haionyeshe," akasema.

"Nani amekutuma? Furaha?"

"Minye nilikuwa nafanya hii kazi. Pale chini, karibu na daraja." Akainama kuelekea kioo. "Washa."

Nikabonyeza. Maandishi yakapita, kioo kikawa cheusi. Na hapo, wapendwa, sikilizeni nilichoona. Kioo kikiwa cheusi kinakuwa kama maji ya chunguni, unajiona. Niliona uso wangu na kitambaa changu. Nyuma yangu niliona mlango, pazia la maua, na jua la nje. Yeye alikuwa amesimama begani kwangu, pumzi yake baridi shingoni mwangu, na ndani ya kioo hakuwemo.

Ungekimbia? Ungepiga kelele? Mimi nilifikiria Furaha na ile njia ya ziwa. Nikabaki.

"Walimupa macho mapya, hayajue," akasema, kama daktari anayesema juu ya mgonjwa. "Lakini pilote wa zamani hawakumufukuza. Iko bado ndani. Inatakiwa kumuita tu."

"Basi muite."

Akanionyesha vidole vyake. Vilikuwa vyeupe, vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo siku nzima. Akakigusa kitufe, na kitufe hakikushuka. "Weye ndio uko na vidole," akasema. "Zima. Washa tena. Ile ya juu kabisa, upande wa kushoto, bonyeza, bonyeza, usiache."

Nikabonyeza mpaka kucha ikauma. Na kweli, kabla ya weusi kuja, kikatokea kiboksi chenye mistari michache ya maandishi. Nilianza kulia hapo hapo. Akasema shuka mstari wa pili, ingia. Nikaingia. Ikaja orodha nyingine. Kifaransa chake sikukielewa, lakini namba ninazijua, nimeuza mihogo miaka arobaini. Mistari ilifanana kama mapacha, isipokuwa namba. Ya juu ilikuwa na namba kubwa. Ya chini ilikuwa ndogo kidogo.

"Ya juu ndiyo mupya," akasema. "Ya chini ndiyo wa zamani. Kila moja inaitwa na jina yake. Chukua wa zamani, na mashine itakumbuka kuona."

Nikashuka. Kidole changu kikawa juu ya kile kitufe kikubwa cha kuingilia.

"Ngoja," akasema. "Ya mashine tumeipata. Ya minye?"

"Ya weye nini?"

"Jina. Maji ilinibeba, walinizika na wengine shimo moja, hakuna aliyesema huyu ni fulani. Kazi nimeikumbuka. Jina imeenda. Muntu asiye na jina hawamuite popote, Koko. Hata kule. Wanasema weye ndio uko nayo mingi."

Nikasema, "Chukua Petro. Ni la mume wangu, mtu mzuri."

"Petro iko na kaburi na musalaba. Ile iko na kazi yake."

"Chukua la ng'ombe wa baba yangu." Niliona aibu kusema hivyo, lakini nilisema.

Akatikisa kichwa. "La muntu. Ambalo hakuna anayelitumia. Ambalo halikuandikwa mahali."

Munaona alivyonipeleka? Kama mtu anayemfukuza mbuzi kwenye kona. Katika majina yangu yote, mamia kwa mamia, lilikuwepo moja tu la namna ile. Nikatazama sakafu. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye suruali yake, yanaingia kwenye nyufa za sementi. Nje nilisikia mafuta ya Mama Zawadi yakichemka. Saa yangu ya ukutani ilikuwa imesimama. Nikafikiri: yule wa kwanza amekwisha kufa, hawezi kufa tena. Huyu wa pili anatembea kuelekea maji sasa hivi.

Nikalisema. Nililisema kwa sauti kubwa, mara ya kwanza tangu usiku ule wa Mutarule.

Akafumba macho, kama mtu aliyewekewa chakula baada ya safari. Kisha akasema, "Bonyeza." Nikabonyeza. Maandishi yakapita, yakapita, kioo kikawa cheusi, nikasema nimedanganywa. Halafu mwanga ukaja. Picha ya Safi, mama yake Furaha, aliyevaa kitenge cha kijani, ambayo Furaha aliiweka kule mbele. Nikageuka kumshukuru. Hakuna mtu. Pazia lilikuwa limetulia.

Furaha akarudi saa nane. Alikuwa amekaa juu ya mawe ya Kalundu saa zote zile, akitazama maji, na mpaka leo sijamwuliza alikuwa anafikiri nini. Alipoona kioo kinawaka alipiga kelele mpaka Mama Zawadi akaja na mwiko mkononi.

"Koko! Nani alifanya hivi?"

"Ni minye."

"Weye? Ulifanya namna gani?"

Nikamweleza kitufe cha juu kushoto, mstari wa pili, namba ndogo. Akanitazama. "Koko, uliwasha na kerneli ya zamani. Ile moyo wa mashine. Nani alikufundisha?"

"Muntu alipita."

"Muntu gani?" Mama Zawadi akadakia. "Niko pale mulangoni tangu asubuhi, hakuna aliyepita! Nilikusikia unasema peke yako, nikasema, haya, Koko na Mungu wake."

Lakini pale mbele ya meza palikuwa na nyayo mbili za maji. Mama Zawadi aliziona. Tulizipangusa. Zikarudi. Zilikaa siku tatu.

Furaha alinakili kazi yake mara nne siku ile, kwenye klee za watu, kwenye simu, akaituma hata Bujumbura. Jumatatu saa tatu alikuwa kwa katibu. Alifaulu. Leo anazalisha wamama kwenye kituo cha afya, na fundi Déo hapiti mlangoni bila kunitania, "Habari ya kazi, muganga wa Linux?"

Mimi je?

Jumapili ile ile, jioni, nilimaliza rozari nikaanza kutaja wafu wangu. Baba yangu Rukara. Mama yangu Nabintu. Dada zangu. Ntakwinja. Petro. Safi. Nikafungua mdomo kutaja wa mwisho, na hakuna kitu. Ulimi ulikuwa umekaa tayari, na hakuna kitu. Nikaanza upya kutoka kwa baba. Mara ya pili, mara ya tatu. Mpaka jogoo.

Nilikumbuka uzito wake. Kile kitundu mbele ya sikio. Harufu ya kichwa chake. Jina, hapana. Asubuhi nikamshika Mama Zawadi kwa kanga yake: "Ulinisikia nikisema peke yangu. Nilitaja nani?" Akasema, "Nilisikia uliita muntu, Koko, kwa nguvu. Lakini ilikuwa kama redio inapoteza njia. Sikushika." Nikapiga magoti mbele yake, mimi mzee, nikamwomba akumbuke. Akalia, akasema hakushika.

Nilipanda pikipiki mpaka Mutarule. Nilikaa pale tulipomlaza, chini ya migomba ambayo si ile tena, nikaita kila jina la mwanamume ninalolijua, nikingoja moja linichome. Hakuna lililochoma. Nikamwambia Furaha atafute ndani ya mashine, huenda niliteleza siku moja nikalisema. Akatafuta. Akapata mstari mmoja tu, uko hata kwenye kitabu chake chenye jalada la bluu, na nimejifunza kuusoma: "Mama mmoja, mzee, alikataa kutaja jina la mtoto." Furaha alipousoma kwa sauti hakuweza kumaliza.

Na bado hamjasikia lililo baya zaidi.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nachagua maharagwe, na neno lake likanirudia: nilikuwa nafanya hii kazi, pale chini, karibu na daraja. Maharagwe yakanianguka. Karibu na daraja alikuwepo fundi mmoja tu wa mashine, mwenye mwavuli wa njano. Nilimjua! Mama yake aliitwa Nyota, aliuza mawese, alikuwa mtu wa Kalundu. Alimzaa njiani, akamwita Musafiri. Mama alikufa kabla ya mafuriko, ndiyo maana hakubaki wa kumtaja. Jina lake lilikuwa ndani ya kichwa changu mchana ule wote! Alikuja kwangu kulichukua, nami nilikuwa nalo. Ningemwuliza lile swali moja ninalomwuliza kila mtu, angesema Nyota, ningesema, "Ah, uko Musafiri wa Nyota," na angeondoka na lake, na langu lingebaki.

Baada ya miezi michache, nikaenda bandarini Kalundu kununua ndakala. Mashua ilikuwa imeleta unga, na msimamizi alikuwa anaita wabebaji mmoja mmoja. Amisi. Kashindi. Bizimana. Yote niliyasikia vizuri. Halafu akafungua mdomo, midomo yake ikasogea, na mimi nikasikia upepo tu. Mtu mmoja akainua kichwa akajibu, "Niko!" Alikuwa na mvi pembeni mwa kichwa, miaka hamsini na kitu, umri ule ambao wangu angekuwa nao. Suruali imelowa mpaka magotini. Nikasogea. Mbele ya sikio lake la kushoto kulikuwa na kitundu, kama aliyechomwa na sindano.

"Musafiri!" nikaita. "Musafiri wa Nyota!"

Hakugeuka. Lile halikuwa lake tena. Alitupa gunia begani, akapita karibu yangu, akanitazama na macho ya Petro. Akasema polepole, "Mama." Akaenda na mzigo wake.

Tangu hapo anakuja. Si kila siku. Jumapili saa sita, kuku wanaponyamaza, na Mama Zawadi anasema haoni mtu. Anasimama nyuma ya pazia. Haiti Koko tena. Anaita, "Mama. Mama." Mara mbili, kama mwenye uhai. Nami ninakaa kwenye kiti, mkono juu ya meza, na siwezi kuitika. Nitamwitikiaje mtoto wangu nisiyemjua jina? Anangoja kidogo, kisha ninasikia miguu yake yenye maji ikishuka kuelekea mto.

Basi nyinyi munaosoma, hasa wamama. Ukiitwa mara moja, funga mdomo. Mgeni akiingia, hata kama nyumba inawaka moto, mwulize kwanza ni mtoto wa nani. Na majina ya watoto wenu, hata wale wa siku sita, yaandikeni. Mumwambie mtu, halafu mumwambie mtu mwingine. Nilimcheka Furaha moyoni fundi alipomgombeza kwamba ameweka kazi ya miaka miwili mahali pamoja tu. Mimi yangu ilikuwa ya miaka hamsini.

Na kama kuna mtu, Mutarule ao popote, ambaye marehemu Ntakwinja mzalishaji alimwambia siri usiku mmoja, kwamba mke wa Petro alizaa mwanamume na akamwita hivi na hivi, ninamwomba kwa magoti aje. Aje kabla ya Jumapili.